Kiunzi cha uti wa mgongo: panya anatembea, mgonjwa bado anasubiri

Swali: Mdogo wangu wa kiume aligongwa na gari miaka mitatu iliyopita. Pingili ya 10 ya kifua ilivunjika, na tangu hapo hasikii chochote wala hawezi kusogeza chochote kuanzia kitovuni kwenda chini. Kwenye karatasi waliandika daraja A. Sasa inazunguka video ya panya aliyewekewa kitu cha mfano wa sifongo kwenye uti wa mgongo akaanza kutembea, na kuna hospitali ya nje imetujibu kwamba inaweza kumfanyia hivyo hivyo, kwa malipo ambayo itabidi ukoo mzima uchange. Kitu hiki kipo kweli? Na kama panya ameweza, mbona binadamu ashindwe? Ni mimi, dada yake mkubwa.

Jibu: Dada, poleni sana. Nitatanguliza jibu, maelezo yafuate, maana najua roho haitatulia ukisubiri.

Kitu hicho kipo. Ni kiunzi: kipande cha nyenzo laini chenye vitundu au mifereji midogo, kinachopachikwa pale uti wa mgongo ulipoharibika ili nyuzi za neva zipate pa kupita. Maabarani kimewafaa panya wengi. Kwa binadamu hakijathibitika kurudisha mwendo, na kwa mtu aliyeumia miaka mitatu iliyopita ushahidi ni haba zaidi. Hospitali inayotaka mlipie upasuaji huo leo inawauzia utafiti kwa bei ya tiba. Msilipe.

Sasa maelezo. Ninaposema uti wa mgongo sizungumzii mifupa. Nazungumzia kamba laini ya neva inayopita ndani ya mfereji wa pingili. Kwa mtu mzima ina urefu wa takriban sentimita 45 na upana unaozidi sentimita moja kidogo tu. Ndani yake zimepangana aksoni, nyuzi ndefu zinazochomoza kutoka kwenye seli za neva na kupeleka amri na hisia. Aksoni moja inayotoka juu ya ubongo kwenda kuamuru misuli ya mguu huteremka zaidi ya nusu mita bila kiungo chochote njiani.

Pingili ikivunjika, mara nyingi haiukati uti. Inauponda. Mishipa midogo ya damu hupasuka, sehemu ya katikati inakosa hewa, na katika saa na siku zinazofuata uvimbe pamoja na kemikali zinazomwagika kutoka kwenye seli zilizokufa huua seli nyingine zilizokuwa zimelinusurika pigo lenyewe. Seli za kinga huja kusomba mabaki. Wiki zikipita, panabaki uwazi uliojaa maji, na kovu limeuzunguka. Pembeni, mara nyingi, hubaki ukingo mwembamba wa tishu nzima, hata kwa mgonjwa wa daraja A, daraja la chini kabisa katika kipimo cha majeraha ya uti, ambaye hasikii wala hasogezi kitu. Ukingo huo uuweke akilini, kwa sababu ndio unaofanya niogope upasuaji mnaoahidiwa.

Kwa miongo mingi madaktari waliamini uti ukishaharibika mambo yamekwisha. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyezichora seli za neva kwa ustadi ambao haujapitwa hadi leo, aliandika mwaka 1928 kwamba katika ubongo na uti wa mtu mzima njia za neva zimefungwa, na hazioti tena. Aliyeipindua imani hiyo ni Albert Aguayo wa Montreal. Mwaka 1981 yeye na Samuel David walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya, ncha moja wakaipachika kwenye shina la ubongo na nyingine kwenye uti, nje ya pingili, kikawa daraja. Aksoni za ubongo na uti, zile zilizosemwa haziwezi kuota, ziliingia na kuota ndani yake kwa takriban sentimita tatu. Kumbe zilikuwa na uwezo. Zilichokosa ni mazingira. Ndani ya uti kuna protini za mayelini, ala ya mafuta inayozivika aksoni, Nogo-A ikiwa mashuhuri zaidi, zinazoizuia ncha ya aksoni isisonge, na kwenye eneo la kovu kuna molekuli za sukari na protini zinazofanya kazi hiyo hiyo. Neva ya mguu haina vikwazo hivyo kwa kiwango hicho, na ina seli za Schwann, ambazo hulisha na kuongoza kila uzi unaoota.

Fani nzima ya viunzi imesimama juu ya jaribio hilo. Kama neva ya mguu inaweza kuwa njia, kwa nini tusitengeneze njia yetu wenyewe? Na wazo lenyewe si la kubahatisha. Neva ya mkono ikikatika na pengo likawa fupi, mpasuaji anaweza kuziunganisha ncha mbili kwa kijibomba cha kolajeni, na aksoni huota ndani yake hadi ng'ambo. Vijibomba vya aina hiyo vimekuwa vikitumika hospitalini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa mapengo yasiyozidi takriban sentimita tatu. Lakini neva ya mkono inakwenda mahali pamoja au pawili. Uti wa mgongo una njia nyingi zinazopanda na kushuka, kila moja na kituo chake.

Nyenzo ni za namna mbili. Zipo za asili: kolajeni, fibrini ambayo damu huitumia kugandia, asidi ya hayaluroni, alijineti inayotoka kwenye mwani, kitosani inayotoka kwenye magamba ya kamba na kaa. Na zipo polima za kiwandani, hasa PLGA, ya familia moja na nyuzi za kushonea vidonda zinazoyeyuka zenyewe. Kila moja ina ubishi wake. Uti ni laini mno. Ukipachika kitu kigumu kuuzidi, kila mgonjwa anapoinama au kukohoa kile kigumu kinasugua tishu, na seli za kinga zinakiona adui. Kikiwa laini mno, kinabomoka kabla aksoni hazijafika katikati. Tena lazima kiyeyuke kwa wakati wake: kikiwahi, njia inafungwa, kikichelewa, kinabaki kizuizi. PLGA inapoyeyuka hutoa asidi, na asidi ikirundikana mahali padogo inawasha tishu zile zile tunazotaka kuziokoa. Nimewaona wanafunzi wakitumia muda mwingi zaidi kwenye ulaini na uyeyukaji kuliko kwenye biolojia yote iliyobaki, na sidhani wanakosea.

Kuna viunzi vigumu kidogo vyenye mifereji, na kuna haidrojeli zinazodungwa kwa sindano zikiwa majimaji kisha zikaganda ndani ya uwazi na kuchukua umbo lake. Mwaka 2019 timu ya Chuo Kikuu cha California, San Diego, ilichapisha kwa printa ya 3D kiunzi cha milimita mbili chenye mifereji ya upana wa milimita 0.2, kilichochukua sekunde 1.6 tu kukamilika, wakakijaza seli shina za neva na kukiweka kwa panya waliokatwa uti kabisa. Miguu ya nyuma ya panya hao ilipata mwendo kiasi. Mwaka 2021 maabara ya Samuel Stupp katika Chuo Kikuu cha Northwestern ilitoa jeli ya peptidi, vipande vifupi vya protini, zinazojipanga zenyewe kuwa nyuzi nyembamba mno. Waliwadunga panya wadogo siku moja baada ya kuwajeruhi, na walipozifanya molekuli zile zicheze zaidi ndani ya nyuzi, matokeo yalikuwa bora zaidi. Huenda video mliyoiona imetoka kwenye mojawapo ya kazi hizi. Ni kazi nzuri, na siwalaumu walioifanya kwa yale ambayo watu wa biashara wameyatunga kwa jina lao.

Lakini nikuonyeshe kinachoonekana chini ya hadubini, kwa sababu hapo ndipo tatizo lenyewe lilipo. Tunakata kiunzi pamoja na uti uliokishika vipande vyembamba kuliko unywele, tunavitia rangi inayong'aa kwenye aksoni peke yake. Upande wa juu, aksoni zinaingia kwenye mifereji kwa wingi, zimenyooka, unaona kabisa zinafuata ukuta. Katikati zimepungua kidogo. Kisha unafika mwisho wa chini, pale kiunzi kinapokutana tena na tishu ya mgonjwa, na pale zinasimama. Nyingine zinajikunja na kurudi zilikotoka, nyingine zinavimba ncha na kukaa hivyo hivyo miezi. Chache sana zinavuka. Ndani ya kiunzi mazingira ni mazuri. Nje, milimita moja tu mbele, kuna kovu na mayelini yenye vizuizi. Ukiniuliza kizingiti kikubwa cha fani hii ni kipi, sitataja nyenzo. Nitataja mlango wa kutokea.

Na hata ikivuka, aksoni inatakiwa imfikie mwenzake anayefaa, iunganike naye, ivalishwe mayelini upya, kisha mwili ufundishwe kuutumia muunganiko huo. Mmea utambaao ukiuegemeza fito utapanda palipo na fito, ila fito haziuchagulii mahali pa kuzalia. Ndiyo maana siku hizi kiunzi kitupu hakimvutii mtafiti mwenye uzoefu. Kinachanganywa na seli, na viini vya kuchochea ukuaji, au na vimeng'enya vya kumeng'enya zile molekuli za kovu. Hilo la kovu nalo si jepesi kama tulivyodhani. Mwaka 2016 maabara ya Michael Sofroniew, Los Angeles, ilionyesha kwamba ukiwazuia panya wasitengeneze kovu la astrosaiti, seli zinazozihudumia seli za neva, aksoni hazioti vizuri zaidi, bali vibaya zaidi. Kovu lile lile tulilolilaani miaka thelathini linashikilia sehemu ya msaada. Anayekuambia tiba yake ni kuondoa kovu tu hajasoma, au amesoma akanyamaza.

Sasa panya. Kwanza, umbali. Aksoni ikivuka milimita mbili kwa panya imefanya kazi kubwa. Kwa binadamu eneo lililoharibika huweza kufika sentimita kadhaa, na baada ya hapo bado kuna safari hadi kwenye seli zinazoamuru misuli. Pili, aina ya jeraha. Maabara wengi hukata uti kwa wembe, mkato safi, na kiunzi kinaingizwa papo hapo au ndani ya siku chache. Mdogo wako alipondwa na gari, na ana miaka mitatu ya kovu. Tatu, na hili watu hulisahau, panya hatembei kama sisi. Uti wake, chini ya jeraha, una mitandao inayoweza kuzungusha miguu ya nyuma kwa amri ndogo sana kutoka juu, wakati mwingine bila amri yoyote. Binadamu anayo mitandao ya aina hiyo, lakini kusimama kwa miguu miwili na kuhamisha uzito kunategemea ubongo zaidi. Ukiitazama tena ile video, usitazame kama miguu inasogea. Tazama kama kiwiliwili kimeinuka, na kama nyayo zinabeba uzito au zinaburutwa tu. Wataalamu hutumia kipimo cha alama 0 hadi 21 kwa hilo, na tofauti kati ya alama 5 na alama 12 haionekani kwa mtu anayetaka kuona muujiza.

Kwa binadamu majaribio yapo, na yanafundisha. Kampuni moja ya Marekani ilitengeneza kiunzi cha PLGA chenye vitundu, kilichopakwa polilaisini ili seli zikishike, na mgonjwa wa kwanza akawekewa mwaka 2014. Mpasuaji alilifungua tabaka linaloufunika uti, akasafisha tishu iliyokufa ndani ya jeraha, kisha akaliweka silinda dogo la milimita chache katika uwazi uliobaki. Yote hayo ndani ya saa 96 tangu ajali. Kati ya wagonjwa 16 wa daraja A waliofuatiliwa hadi miezi sita, saba walipanda angalau daraja moja. Magazeti yalifurahi. Tatizo ni kwamba hapakuwa na kundi la kulinganishia, na wapo wagonjwa wa daraja A wanaopanda daraja wenyewe katika miezi ya mwanzo, bila kuwekewa chochote. Jaribio la pili likawagawa wagonjwa 20 kwa kura, nusu wakiwekewa kiunzi na nusu wakipata matibabu ya kawaida. Waliowekewa kiunzi hawakufanya vizuri kuliko wenzao. Hakuna somo la takwimu lililo wazi kuliko hilo, na kila ukisomewa ushuhuda wa mgonjwa mmoja aliyepona, likumbuke.

China nako, tangu mwaka 2015, timu ya Dai Jianwu imekuwa ikiwawekea wagonjwa kiunzi cha kolajeni chenye nyuzi zilizopangwa kwa mstari mmoja, pamoja na seli. Mojawapo ya taarifa zao inahusu watu wa aina ya mdogo wako hasa: wagonjwa watano wenye jeraha la zamani, lililokamilika, yaani lisilobakiza hisia wala mwendo chini yake, waliokatwa kovu kisha wakawekewa kiunzi. Baada ya mwaka mmoja hawakuwa wamedhurika, na baadhi walionyesha mabadiliko kiasi katika mambo yanayojiendesha yenyewe mwilini. Hawakurudi kutembea. Na yule mwanamume wa Poland aliyepasuliwa Wrocław mwaka 2012, ambaye pengine mmemsikia, alikuwa na uti uliokatwa kwa kisu, si uliopondwa. Pengo lake la milimita nane lilizibwa kwa vipande vya neva ya mguu wake mwenyewe pamoja na seli zilizotolewa kwenye mfumo wake wa kunusa, kisha akafuata mazoezi mazito kila wiki. Alipata hisia na mwendo kiasi. Ni mtu mmoja, mwenye jeraha ambalo wengi hawana.

Turudi kwenye ule ukingo. Ili kumpachikia mdogo wako kiunzi leo, mpasuaji atalazimika kufungua upya, kukata kovu, na kukata mpaka apate tishu hai juu na chini. Akikata, ukingo uliosalia unaweza kwenda nao. Jeraha la 10 linaweza kupanda likawa la 8, na misuli ya tumbo inayomsaidia sasa kukaa wima ikapotea. Wakati huo huo, kazi za kuchochea uti kwa umeme, zilizoanza kuripotiwa kutoka Louisville, Marekani, mwaka 2011, zimeonyesha kwamba watu waliohesabiwa kuwa wamepoteza mwendo wote walisogeza miguu kwa hiari mashine ikiwa imewashwa, wakiwemo watu wa daraja A. Maelezo yanayokubalika ni kwamba kuna nyuzi zilizosalia, zimenyamaza tu. Yaani kile ambacho upasuaji ungekitoa kama takataka kinaweza kuwa ndicho kitakachomfaa baadaye. Mashine ya kwanza ya kuchochea uti juu ya ngozi kuruhusiwa Marekani, Desemba 2024, ni ya mikono, kwa walioumia shingo na ambao jeraha lao halijakamilika, kwa hiyo si yake. Ila mwelekeo ndio huo, na hauhitaji kisu.

Kama bado mnataka kuwajibu wale wa hospitali, waombeni namba ya usajili wa jaribio kwenye daftari la wazi kama ClinicalTrials.gov, kibali cha kamati ya maadili, na jina la jarida lililochapisha matokeo ya wagonjwa wao waliotangulia. Waulizeni kundi la kulinganishia ni lipi, na nani atamhudumia akipoteza hisia zaidi. Jaribio la kweli kwa kawaida halimtozi mgonjwa gharama ya kitu kinachojaribiwa. Jambo jingine ambalo hawatalitaja: majaribio mengi yajayo humkataa mtu aliyekwisha kuwekewa seli au kiunzi kwingine, maana haitajulikana kilichofanya kazi ni kipi.

Fedha mnayotaka kuichanga ina kazi nyingine. Mto mzuri wa kiti cha magurudumu, na tabia ya kuinua makalio kila baada ya dakika 15 hadi 30, vinazuia vidonda vya mgandamizo vinavyowalaza watu miezi. Kutoa mkojo kwa mpira safi kwa ratiba, badala ya kungoja kibofu kifurike, kunalinda figo. Kunyoosha viungo kila siku kunazuia vifundo na magoti kukakamaa, na mtu aliyekakamaa viungo au mwenye kidonda wazi mara nyingi hapokelewi kwenye jaribio la kuaminika, hata likiwa mlangoni kwenu.

Na kabla ya yote hayo, mwombeni daktari wake arudie kipimo cha daraja, kikamilifu, pamoja na hisia za sehemu ya haja kubwa. Barua yako haisemi daraja A liliandikwa lini. Kama ni siku za mwanzo, uti ukiwa bado kwenye mshtuko, mwenyewe akiwa na dawa za maumivu, kipimo hicho hakitoshi kumhukumu miaka mitatu baadaye. Akisikia hata mguso mdogo pale, yeye si A tena, ni B, na orodha ya majaribio anayoweza kuomba inabadilika.